Urafiki wa Wapoland na Wamarekani: umetoka wapi na umewezaje kudumu

Mwaka 1926 Marekani ilitimiza miaka 150 ya uhuru, na watu wa Poland wakaamua kuipelekea zawadi. Wakaandika salamu za kuishukuru na kuipongeza, alafu hizo salamu zikazungushwa nchi nzima, maofisini, makanisani, kwenye vyama na zaidi ya yote mashuleni, kuanzia rais wa nchi na maaskofu mpaka mtoto wa kijijini ambaye ndo kwanza anajifunza kushika kalamu, kila mtu akatia saini yake. Zilipokusanywa zikafika kama milioni 5 na nusu, zikajalidiwa zikawa juzuu 111, na Oktoba mwaka huo zikakabidhiwa kwa Rais Calvin Coolidge pale White House. Poland ya wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 30, kwahiyo piga hesabu mwenyewe, ni karibu mtu mmoja katika kila sita. Hizo juzuu zipo mpaka leo kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, zimeskaniwa, na mtu anaweza kuingia mtandaoni akatafuta saini ya bibi yake ya enzi akiwa mwanafunzi.

Sasa fundo lipo hapa. Miaka miwili tu kabla ya hapo, yani 1924, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya uhamiaji ambayo shabaha yake hasa ilikuwa kuwapunguza watu wa Ulaya ya kusini na ya mashariki, Wapoland wakiwemo. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia walikuwa wanaingia kwa makumi ya maelfu kila mwaka, sheria mpya ikawaachia nafasi zisizofika elfu 6. Nchi imekufungia mlango, alafu wewe unawatuma watoto wako wote waiandikie barua ya mapenzi, inakuwaje hiyo?

Mimi nimeisoma hii historia kwa muda sasa, na kila nikiirudia naona jibu ni lilelile: huu urafiki kwa sehemu kubwa ya maisha yake umebebwa na watu wa kawaida, kwasababu serikali ya kuubeba upande wa Poland haikuwepo. Majirani watatu, Urusi, Prussia ya Wajerumani na Austria, waliigawana Poland vipande vipande mwaka 1772, Urusi na Prussia wakarudia 1793, na 1795 wote watatu wakaimaliza kabisa, nchi ikafutika kwenye ramani kwa miaka 123 mpaka 1918. Yani Marekani imezaliwa, imekua, imepigana vita yake ya wenyewe kwa wenyewe, imejenga reli na viwanda mpaka imekuwa taifa kubwa, na karibu muda wote huo hapakuwa na kitu kinaitwa serikali ya Poland cha kutuma balozi wala kusaini mkataba. Kilichokuwepo ni watu. Wanajeshi wa kujitolea, wakimbizi wa siasa, wakulima wenye njaa, mapadri, wanamuziki. Ukilishika hilo mambo mengi yanayoonekana hayaeleweki yanaanza kukaa sawa.

Wa kwanza kabisa walikuwa mafundi. Mwaka 1608, mwaka mmoja tu baada ya Waingereza kufungua koloni lao la Jamestown kule Virginia, walipelekwa pale mafundi wachache Wapoland kwa kazi za kutengeneza vioo, lami na vitu vya meli. Mwaka 1619 waliponyimwa haki ya kupiga kura walileta ubishi, na kumbukumbu za kampuni iliyomiliki koloni zinaonyesha kwamba wakapewa haki hiyo. Ni kitu kidogo lakini Wapoland wa Marekani wanakipenda sana kukitaja.

Alafu ndo wanakuja wale wawili ambao majina yao yamejaa kwenye madaraja na barabara za Marekani, Pułaski na Kościuszko.

Kazimierz Pułaski alikuwa kijana wa familia ya kibwana aliyepigana na Warusi nyumbani, wakashindwa, akawa mkimbizi Ulaya hana pa kwenda, akakutana na Benjamin Franklin kule Paris ambaye alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa George Washington. Akafika Marekani 1777, kwenye mapigano ya Brandywine akasaidia jeshi la Washington kurudi nyuma bila kuteketea, wakamfanya jenerali wa askari wa farasi. Mpaka leo wanamuita baba wa jeshi la farasi la Marekani. Oktoba 1779 alipigwa risasi kwenye mashambulizi ya Savannah, Georgia, akafa siku mbili baadaye akiwa na umri wa miaka 34. Kule Illinois Jumatatu ya kwanza ya Machi ni siku yake, na mwaka 2009 Marekani ikampa uraia wa heshima, miaka 230 baada ya kuifia.

Huyo ni Pułaski. Lakini mtu ninayetaka tukae naye kidogo ni Tadeusz Kościuszko, maana kwake ndo unaona uzuri wa huu urafiki na kidonda chake kwa pamoja.

Kościuszko alikuwa injinia wa kijeshi. Alifika Marekani mwaka 1776, Bunge la wapigania uhuru likampa ukanali wa uinjinia, na mwaka uliofuata yeye ndo aliyechagua vilima vya Bemis karibu na Saratoga na kuviwekea mahandaki na mizinga kwa namna ambayo jeshi la Uingereza likashindwa kupita na mwisho likajisalimisha. Ushindi wa Saratoga ndo uliowashawishi Wafaransa kuingia vitani upande wa Marekani, kwahiyo mnaona uzito wake. Baadaye akajenga ngome ya West Point juu ya mto Hudson, ngome ileile ambayo Benedict Arnold, jenerali wa Marekani aliyegeuka msaliti, alijaribu kuwauzia Waingereza, na palepale ndo kipo chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani mpaka leo. Katika miaka hiyo aliyekuwa akimhudumia na kutembea naye vitani alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa huru, Agrippa Hull wa Massachusetts, na wanahistoria wengi wanaona kuishi karibu na mtu kama Hull na kuona utumwa wa kusini kwa macho yake kulimgusa sana.

Akarudi nyumbani 1784. Miaka kumi baadaye akaongoza uasi dhidi ya Warusi, na katikati ya vita akatoa tamko la Połaniec lililowapunguzia wakulima mzigo wa kuwatumikia mabwana na kuwapa uhuru fulani, jambo ambalo mabwana wengi wa Poland hawakulipenda hata kidogo. Akajeruhiwa, akakamatwa, akafungwa Urusi, alipoachiwa akarudi Marekani 1797 akiwa hawezi kutembea vizuri. Akapanga chumba kwenye nyumba ndogo Philadelphia, na makamu wa rais wa wakati ule, Thomas Jefferson, akawa anakuja kukaa naye. Jefferson alimwandikia mtu kwamba hajawahi kumjua mwana wa uhuru aliye safi kama huyu, na kwamba uhuru anaoutaka Kościuszko ni wa watu wote, siyo wa wachache wala wa matajiri peke yao.

Mwaka 1798 Kościuszko alikuwa anaondoka tena kwenda Ulaya. Marekani ilikuwa imemlipa malimbikizo yake ya mshahara wa vita, na ana ardhi kule Ohio. Akaandika wosia. Kwenye huo wosia akasema mali yake yote iliyoko Marekani, Jefferson aitumie kununua watumwa weusi, wa Jefferson mwenyewe au wa mtu mwingine yeyote, awape uhuru kwa jina la Kościuszko, awafundishe kazi na elimu ya kuwafaa katika maisha yao mapya. Msimamizi aliyemteua ni Jefferson huyohuyo, mwandishi wa tamko lile la kwamba watu wote wameumbwa sawa, na mtu ambaye katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Kościuszko akafa Uswisi mwaka 1817. Jefferson alikuwa mzee wa miaka 74, ana madeni, akakataa usimamizi. Kesi ikaanza kutembea mahakamani, kukawa na ubishi kwamba marehemu aliacha wosia nyingine Ulaya zinazofuta ule wa kwanza, ndugu zake nao wakadai, na mwaka 1852 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba wosia wa 1798 haufanyi kazi tena, pesa ziende kwa ndugu. Hamna mtumwa hata mmoja aliyepata uhuru kwa pesa ile.

Nimelikalia sana hili kwasababu naona watu wakieleza urafiki wa Poland na Marekani wanaishia kwenye sanamu na gwaride. Sanamu ya Kościuszko ipo mbele ya White House tangu 1910, sawa, inastahili. Ila kwangu mimi lile ombi alilomwachia rafiki yake ni kubwa kuliko Saratoga, na lilikataliwa. Marekani ilimpokea Kościuszko injinia, ikampa cheo na mshahara, alafu ule upande wake uliotaka uhuru wa watu wote ikashindwa kuubeba. Hii tabia ya kupokea nusu mtaiona tena mbele.

Tuje kwa wale walioenda kwa maelfu. Mwaka 1854 familia kama mia moja kutoka Silesia, eneo lililokuwa chini ya Prussia, zilishuka pwani ya Texas, zikatembea mamia ya kilomita kuingia bara, na siku ya mkesha wa Krismasi zikasali misa chini ya mti na padri wao Leopold Moczygemba. Mahali hapo pakaitwa Panna Maria na ndo makazi ya Wapoland ya zamani zaidi Marekani ambayo bado yapo. Lakini wimbi lenyewe lilikuja baada ya 1870 mpaka 1914, kama watu milioni 2 hivi, wengi wakulima wasio na ardhi. Walienda kwenye machinjio ya Chicago, migodi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, viwanda vya chuma vya Pittsburgh, magari Detroit. Kazi chafu, za hatari, za malipo madogo, zile ambazo waliotangulia hawazitaki tena.

Na walidharauliwa. Septemba 10, 1897, wachimba makaa wa Lattimer, Pennsylvania, Wapoland, Waslovakia na Walithuania, waliandamana bila silaha kudai malipo bora, sherifu na watu wake wakawafyatulia risasi wakaua 19, wengi walipigwa wakiwa wanakimbia. Kesi ikaenda, washtakiwa wote wakaachiwa. Miaka mingi baadaye, mpaka miaka ya 1970, utani wa kwamba Mpoland ni mjinga ulikuwa unapigwa redioni na kwenye televisheni za Marekani kama kitu cha kawaida. Kwahiyo mtu akikuambia Wapoland walipendwa Marekani tangu siku ya kwanza, hajaisoma hii sehemu.

Lakini walikaa. Walichanga senti zao wakajenga makanisa makubwa ambayo ukiyaona Chicago au Buffalo unashangaa vibarua wameyajengaje, wakafungua vyama vya kuzikana na kukopeshana, kile kikubwa zaidi kilianzishwa 1880 na kinaitwa Muungano wa Kitaifa wa Wapoland. Wakatuma pesa nyumbani. Na barua. Hapa ndo siri yenyewe ilipo kwa maoni yangu: kule kijijini Poland, ambako serikali iliyopo ni ya Mrusi au Mjerumani, Marekani ilikuwa ni mahali ambapo mjomba yupo, mahali ambapo mtu anaongea Kipolandi hadharani na kusomesha mtoto wake bila kuchapwa, na dola yake imenunua ng'ombe wa familia. Watu hawakuipenda Marekani kwa kusoma katiba yake. Waliipenda kwasababu ina ndugu yao.

Vita ya kwanza ilipoanza 1914 hao vibarua wakageuka kuwa nguvu ya siasa. Ignacy Jan Paderewski, mpiga piano maarufu kuliko wote wa wakati ule, alizunguka miji ya Marekani anapiga piano alafu anasimama anahutubia kuhusu Poland. Akafika mpaka kwa watu wa karibu wa Rais Woodrow Wilson. Januari 8, 1918 Wilson alipotangaza pointi zake 14 za amani, ya 13 ilisema iundwe Poland huru yenye njia ya kwenda baharini. Wakati huohuo Wapoland zaidi ya elfu 20 wanaoishi Marekani walijiandikisha, wakafanya mazoezi kwenye kambi kule Kanada, wakavuka bahari kujiunga na jeshi la Jenerali Józef Haller, wale waliovaa sare za bluu. Novemba 1918 nchi ikarudi kwenye ramani, na Januari 1919 mpiga piano akawa waziri mkuu.

Nchi ilirudi ikiwa magofu. Herbert Hoover, aliyekuwa akiongoza shirika la Marekani la misaada ya chakula, akaleta unga, maziwa na mafuta, na kuna wakati watoto zaidi ya milioni moja wa Poland walikuwa wanakula kila siku kwenye vituo hivyo. Alipotembelea Warsaw mwaka 1919 maelfu ya watoto waliandamana mbele yake kumshukuru, wengi wao pekupeku. Mwaka huohuo marubani wachache wa Kimarekani walijitolea kuipigania Poland dhidi ya Wabolsheviki, yani wakomunisti wa Urusi, wakakiita kikosi chao kwa jina la Kościuszko, watatu wakafa. Mmoja wa waanzilishi wake, Merian Cooper, alidunguliwa akafungwa Urusi mpaka akatoroka, na alikuwa akisema babu wa babu yake alipigana pamoja na Pułaski pale Savannah kwahiyo anaona ana deni la kulipa.

Sasa rudi kwenye zile saini. Mtoto aliyekuwa na miaka minne 1919 akinywa maziwa ya Hoover, mwaka 1926 ana miaka 11 na kalamu mkononi. Hakuwa anasaini kwa ajili ya sheria ya 1924, alikuwa anasaini kwa ajili ya kikombe, na kwa ajili ya mjomba. Serikali iliyofunga mlango na watu waliomlisha kwake vilikuwa vitu viwili tofauti, na nadhani alikuwa sahihi.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuwa vita ya pili. Septemba 1939 Wajerumani wakaingia kutoka magharibi na Wasovieti kutoka mashariki. Wasovieti wakabeba mamia ya maelfu ya Wapoland wa upande wa mashariki wakawatupa Siberia na Kazakhstan. Hapa ndo stori inapofika kwetu. Mwaka 1942 baadhi yao waliruhusiwa kutoka kupitia Iran, wanaume wakaenda jeshini, na wanawake, watoto na wazee karibu elfu 18 hadi 20 wakaletwa kwenye makoloni ya Waingereza Afrika. Tengeru, pale karibu na Arusha, palikuwa na karibu watu 5,000, na kulikuwa na kambi nyingine Kidugala, Ifunda na Kondoa, na Uganda kule Masindi na Koja. Makaburi yao Tengeru yapo mpaka leo.

Hawa watu walikuwa wanasubiri vita iishe warudi nyumbani. Wasichokijua ni kwamba nyumbani kwao kulishatolewa. Mwisho wa 1943, kwenye mkutano wa Tehran, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alimkubalia Stalin, kiongozi wa Wasovieti, faraghani kwamba mpaka wa Poland usogezwe magharibi na Wasovieti wabaki na ile mashariki, na akamwomba isitangazwe kwasababu mwakani ana uchaguzi na Marekani kuna watu milioni 6 au 7 wenye asili ya Poland ambao hataki kupoteza kura zao. Wapoland wa Chicago na Detroit wakampigia kura 1944 bila kujua. Februari 1945 kwenye mkutano wa Yalta ikathibitishwa, pamoja na ahadi ya uchaguzi huru ambao Stalin hakuufanya. Wakati huo wanajeshi Wapoland walikuwa wameshamwaga damu Monte Cassino, Italia, upande mmoja na Wamarekani. Balozi wa Marekani Warsaw, Arthur Bliss Lane, alijiuzulu 1947 kwa kuona aibu ya jinsi Poland ilivyoachwa.

Kwa watu wa Tengeru maana yake ilikuwa kwamba kijiji chao sasa kipo Umoja wa Kisovieti. Wakatawanywa duniani, Uingereza, Kanada, Australia, na wengine baadaye Marekani. Mwanzoni mwa 1950 meli ya uchukuzi ya jeshi la Marekani, General Langfitt, ilipakia zaidi ya elfu moja kati yao bandarini Mombasa ikawapeleka Fremantle, Australia. Neno Yalta ukilitaja kwa Mpoland mpaka leo sura inabadilika.

Na bado urafiki haukufa. Ilikuwaje? Ileile njia ya zamani, watu. Poland ikawa chini ya wakomunisti, lakini vifurushi kutoka Chicago viliendelea kufika, kahawa, dawa, nguo, na dola ndani ya bahasha. Mpaka serikali ya kikomunisti yenyewe ikafungua maduka ya Pewex ambako unanunua bidhaa za nje kwa dola, kwasababu ilijua dola za shangazi zipo majumbani. Usiku watu walisikiliza idhaa ya Kipolandi ya Redio Ulaya Huru kutoka Munich, iliyoanza 1952 chini ya Jan Nowak-Jeziorański, mtu aliyekuwa mjumbe wa siri wa wapiganaji wa Warsaw wakati wa vita. Pesa za redio hiyo kwa miaka mingi zilitoka kwa majasusi wa Marekani, hilo lilikuja kujulikana, na wasikilizaji wengi walikuwa na wasiwasi nalo lakini waliendelea kusikiliza kwa kuwa habari zake hazikupita kwenye ukaguzi wa serikali. Mwaka 1965 huko Kraków, eneo la Prokocim, ikafunguliwa hospitali ya watoto iliyojengwa kwa fedha za Marekani, katikati kabisa ya vita baridi, na inatibu watoto mpaka leo.

Agosti 1980 mafundi wa kiwanda cha kutengeneza meli cha Gdańsk wakagoma, kikazaliwa chama cha wafanyakazi cha Mshikamano, Solidarność, kilichofikisha wanachama kama milioni 10. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani chini ya Lane Kirkland likawapelekea pesa na mitambo ya kuchapia, na lilianza kufanya hivyo wakati baadhi ya watu serikalini kwao wanaogopa kuwachokoza Wasovieti. Desemba 13, 1981 ikatangazwa hali ya kijeshi, viongozi wakafungwa. Balozi wa Poland Washington, Romuald Spasowski, akaikana serikali yake na akamwomba Rais Ronald Reagan awashe mshumaa dirishani mkesha wa Krismasi kwa ajili ya watu wa Poland. Reagan akafanya hivyo na akawaomba Wamarekani wote wafanye vilevile. Wapo wanaosema mshumaa hausaidii kitu. Mimi nadhani kwa mtu aliyekaa gizani Gdańsk na mume wake yupo kizuizini, kujua kwamba kuna dirisha linawaka kwa ajili yake ni kitu.

Juni 4, 1989 ndo uchaguzi ukafika. Asubuhi hiyo kuta za miji zilikuwa na bango la mwigizaji wa Kimarekani Gary Cooper, kama sherifu wa kwenye filamu anakuja mbele peke yake, beji ya Mshikamano kifuani, na mkononi badala ya bastola ameshika karatasi ya kura. Mshikamano ukashinda karibu kila kiti ulichoruhusiwa kugombea. Novemba kiongozi wa Mshikamano, Lech Wałęsa, akasimama mbele ya Bunge la Marekani, hakuwa rais wala waziri, fundi umeme tu, akaanza hotuba yake kwa maneno ya kwanza ya katiba yao, "Sisi, watu", ukumbi mzima ukasimama.

Baada ya hapo serikali zikaingia rasmi, na hii sehemu nitaipita haraka maana wengi mnaijua. Machi 12, 1999 Poland ikaingia NATO. Mwaka 2003 ikaenda Iraq pamoja na Marekani, ikapoteza wanajeshi zaidi ya 20, na Afghanistan zaidi ya 40. Ikawaruhusu majasusi wa Marekani kuwa na gereza la siri kule Stare Kiejkuty, ambako watu waliteswa, na mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaihukumu Poland kwa hilo. Naliweka wazi kwasababu urafiki unaomfanya mtu afiche mateso nyumbani kwake una kasoro kubwa, na walioumizwa hawakuwa Wapoland wala Wamarekani. Na pamoja na yote hayo, Mpoland akitaka kwenda kumsalimia dada yake New Jersey alikuwa anapanga foleni ubalozini, analipia, anahojiwa, na anaweza kunyimwa, wakati Mmarekani anaingia Poland bila viza tangu 1991. Hiyo viza ilifutwa Novemba 11, 2019, miaka ishirini baada ya NATO.

Leo kuna wanajeshi wa Marekani kama elfu 10 Poland, makao yao Poznań yanaitwa Kambi ya Kościuszko, na tangu 2024 kuna kituo cha kuzuia makombora Redzikowo. Poland inanunua vifaru na ndege za Marekani, na kampuni ya Westinghouse ndo imechaguliwa kwa mtambo wake wa kwanza wa umeme wa nyuklia. Kwenye karatasi haya ndo mahusiano ya karibu zaidi kuwahi kuwepo.

Lakini kilichokuwa chini yake kinapungua, na hili naona halisemwi vya kutosha. Tangu Poland iingie Umoja wa Ulaya Mei 2004 kijana wa huko akitafuta maisha anaenda London, Dublin au Berlin, na siku hizi wengi hawaendi popote, kazi ipo nyumbani. Mtaa wa Jackowo kule Chicago, ambako zamani ungeweza kuishi mwaka mzima bila neno la Kiingereza, umebadilika, maduka mengi ya Kipolandi yamefungwa au yamehamia vitongojini. Wajukuu wa wachimba makaa hawajui lugha. Kwa mara ya kwanza huu urafiki unasimama zaidi kwenye mikataba ya silaha kuliko kwenye barua za ndugu, na mikataba inategemea nani ameshinda uchaguzi Washington, ndo maana Wapoland sasa wanabishana hadharani kama Marekani itakuja kweli siku ya shida. Waliopitia Yalta wana haki ya kuuliza.

Upande mwingine kuna kitu kinachoanza taratibu. Sheria ya Poland inamruhusu mtu kuthibitishiwa uraia kama uraia ule ulirithishwa kutoka kwa babu au bibi bila kukatika, na Wamarekani wenye majina ya Kipolandi wanapanda ndege kwenda kufungua vitabu vya ubatizo kwenye parokia za vijijini, wanatafuta majina na tarehe. Wengi wanarudi na nakala tu. Baadhi wanapangisha nyumba Kraków au Warsaw, wanaanza masomo ya Kipolandi wakiwa na miaka arobaini, na wanabaki.